Shimo Jeusi Linalokua na Nyota Zinazozaliwa: Uanzie Upande Upi, Upime kwa Kipimo Kipi?

Swali la iwapo shimo jeusi linalokua katikati ya galaksi huchochea kuzaliwa kwa nyota, hukuzuia, au halina uhusiano nako, limepata majibu yanayogongana kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila jibu lina takwimu za kulitetea. Wapo waliokuta kwamba galaksi zenye viini vinavyowaka sana (kiini ni sehemu ya katikati kabisa, inayong'aa shimo jeusi linapolishwa) huzaa nyota kwa kasi ile ile ya galaksi nyingine. Wapo waliokuta kwamba katika viini vikali zaidi nyota karibu hazizaliwi. Na wapo waliokuta kwamba mambo haya mawili hupanda na kushuka pamoja. Makala haya yanalinganisha njia zilizotumika, kwa ajili ya msomaji anayetaka kuchagua mojawapo, hasa mwanafunzi anayepanga kutumia data zilizo wazi katika hifadhi za darubini kubwa. Maoni yangu, ambayo nitayatolea sababu, ni kwamba sehemu kubwa ya mgongano huo haikutoka angani, bali ilitokana na uchaguzi uliofanywa kabla hata ya kuhesabu galaksi ya kwanza.

Kwanza tukumbuke kwa nini swali lenyewe lina uzito. Maarten Schmidt alipotambua mwaka 1963 kwamba 3C 273, kitu kinachoonekana kama nyota, iko mbali sana nje ya galaksi yetu, ilidhihirika kwamba kuna vitu vidogo vyenye uwezo wa kung'aa kuliko nyota zote za galaksi nzima. Maelezo yaliyokubalika ni gesi inayoangukia shimo jeusi: kabla ya kumezwa, gesi hiyo hugeuza takriban asilimia 10 ya tungamo lake kuwa nishati, ilhali muunganiko wa haidrojeni ndani ya nyota hugeuza asilimia 0.7 tu. Baadaye, kati ya mwaka 1998 na 2000, vipimo vya galaksi za karibu vilionyesha kwamba tungamo la shimo jeusi hufuatana na tungamo la kitovu cha galaksi (uvimbe wa nyota ulio katikati yake) na kasi ya nyota zilizomo humo, ingawa shimo lenyewe huwa ni sehemu ndogo sana, chini ya asilimia moja ya kitovu hicho. Tena, tukijumlisha nyota zote zilizozaliwa na gesi yote iliyomezwa katika kila zama za ulimwengu, mikondo yote miwili hufikia kilele katika zama zilezile, takriban miaka bilioni 10 iliyopita, kisha hushuka hadi leo.

Kufuatana huko kunaweza kuelezwa kwa namna tatu, na ni vema mchaguzi azijue kabla hajagusa data. Huenda nyota na shimo jeusi hula chakula kimoja, yaani gesi baridi, hivyo gesi ikiwa nyingi vyote hustawi na ikiadimika vyote hudumaa. Huenda shimo jeusi lenyewe ndilo linaloamua, kwa kupasha joto gesi au kuitimua nje ya galaksi hadi nyota zikose malighafi. Au huenda hakuna anayemwamuru mwenzake: Knud Jahnke na Andrea Macciò walionyesha mwaka 2011 kwamba galaksi zikigongana na kuungana mara nyingi, wastani wa matungamo peke yake hujenga ule uwiano unaoonekana leo, hata kama mwanzoni hapakuwa na uwiano wowote. Maelezo haya matatu hayafukuzani, lakini kila kipimo kina uwezo wa kupima moja vizuri zaidi kuliko mengine.

Kuanza na viini au kuanza na galaksi

Huu ndio uchaguzi wa kwanza na mzito kuliko yote, nao mara nyingi hufanywa bila kutambuliwa kwamba ni uchaguzi.

Njia ya kwanza ni kukusanya galaksi ambazo viini vyake vinawaka, kuzipanga kwa mng'aro wa kiini, kisha kukadiria wastani wa kasi ya kuzaliwa kwa nyota katika kila kundi. Waliofuata njia hii kwa kuunganisha data za eksirei na za Herschel, darubini ya angani ya infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho), wakiwemo David Rosario na wenzake mwaka 2012, walipata mstari ambao kwa sehemu kubwa umelala: katika viini vya mng'aro wa wastani, kasi ya kuzaliwa kwa nyota ilikuwa karibu ileile, kiini kiwe hafifu au kiwe kikali zaidi. Njia ya pili ni kukusanya galaksi zinazozaa nyota, kuzipanga kwa kasi hiyo ya uzazi, kisha kukadiria wastani wa ukuaji wa mashimo meusi katika kila kundi, pamoja na galaksi ambazo viini vyake havionekani kabisa. James Mullaney na wenzake mwaka 2012, na Chien-Ting Chen na wenzake mwaka 2013, walifuata njia hii wakapata mstari unaopanda karibu sawia: kwa kila tungamo la Jua elfu chache zinazogeuka kuwa nyota, mashimo meusi huongezeka kwa tungamo la Jua moja hivi.

Anga ni lile lile, na darubini kwa sehemu kubwa ni zile zile, lakini majibu mawili hayafanani. Ryan Hickox na wenzake walieleza mwaka 2014 jinsi yote mawili yanavyoweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Kuzaliwa kwa nyota ni jambo la polepole, linalobadilika katika mamilioni na mamia ya mamilioni ya miaka. Kulishwa kwa shimo jeusi, kwa upande mwingine, hutegemea gesi iliyofika karibu kabisa na shimo, na kiasi hicho huweza kupanda au kuporomoka mara mia ndani ya muda mfupi sana kwa kipimo cha galaksi. Ushahidi wa kuporomoka huko tunao: mwaka 2007 mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona karibu na galaksi IC 2497 wingu kubwa la gesi linalong'aa kijani, ambalo bado linaakisi nguvu za kiini kikali, ilhali kiini chenyewe kimekwisha kufifia katika kipindi kisichozidi miaka 200,000 hivi. Kupanga galaksi kwa mng'aro wa kiini cha leo, basi, ni sawa na kuhukumu mvua za msimu mzima kwa kutazama kama radi inapiga dakika hii.

Anayeanza na galaksi huepuka mtego huo kwa sababu, akichukua wastani wa galaksi mamia zenye kasi sawa ya uzazi, zile zilizoshikwa zikiwaka na zile zilizoshikwa zimelala hufidiana, na kinachobaki ni ukuaji wa muda mrefu. Kwa hiyo, ukiuliza kama mashimo meusi na nyota hukua pamoja, anza na galaksi. Ukiuliza kinachotokea wakati shimo liko kileleni mwa ulafi wake, kwa mfano kama upepo wa kiini unatimua gesi, huna budi kuanza na viini vyenyewe, mradi usidai kwamba umejibu swali la kwanza.

Tahadhari moja inazihusu njia zote mbili. Galaksi nzito huzaa nyota nyingi zaidi, na viini vyake ni rahisi kuonekana, kwa hiyo tungamo la galaksi peke yake linaweza kuzalisha uhusiano ambao haupo. Uchambuzi wa Guang Yang na wenzake mwaka 2017 ulionyesha kwamba, kwa galaksi kwa ujumla, wastani wa ukuaji wa shimo jeusi hufuata tungamo la nyota zilizopo kuliko unavyofuata kasi ya kuzaliwa kwa nyota mpya. Na mwaka 2019 kundi hilo lilikuta kwamba uhusiano na kasi ya uzazi hurudi kwa nguvu ukitazama galaksi ambazo kitovu chake kimetawala umbo. Yeyote asiyelinganisha kila galaksi yenye kiini kinachowaka na nyingine ya tungamo lile lile na zama zile zile, afadhali asianze kazi.

Kupima ukuaji wa shimo jeusi

Hapa washindani wakuu ni eksirei, infraredi ya kati, na mistari ya mwanga unaoonekana (rangi mahususi ambazo kila gesi hutoa). Mimi naegemea eksirei, lakini si kwa kila hali.

Eksirei hutoka karibu kabisa na shimo, hupenya gesi na vumbi kwa kiasi kikubwa, na nyota za kawaida hazizitoi kwa wingi. Kuna nyota pacha ambazo mwenzi mmoja ni nyota ya nyutroni au shimo jeusi dogo, nazo hutoa eksirei, na idadi yake huongezeka pale nyota zinapozaliwa kwa wingi. Ndiyo maana watafiti wengi huweka kizingiti cha ergi 10^42 kwa sekunde, yaani nguvu ya Jua takriban milioni 260, na kuhesabu kilicho juu yake kuwa kazi ya shimo kubwa la katikati. Udhaifu wa eksirei ni viini vilivyofunikwa na gesi nzito mno, ambavyo darubini kama Chandra na XMM-Newton, zote za mwaka 1999, huviona hafifu au hazivioni kabisa. NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, huona eksirei za nishati kubwa zaidi, kati ya kiloelektronivolti 3 na 79, na hivyo hupenya zaidi, ila haifiki mbali kama Chandra. Udhaifu huu si mdogo, kwa sababu huenda viini vilivyofunikwa ndivyo vinavyoishi katika galaksi zenye gesi na vumbi vingi, yaani zile zile zinazozaa nyota kwa wingi. Ukivikosa, umekosa sehemu muhimu ya hadithi.

Infraredi ya kati huziba pengo hilo. Vumbi linalozunguka shimo hunyonya mwanga na kuutoa tena kama joto, kwa hiyo kiini kilichofichwa hujifichua. Darubini ya WISE ilipiga picha za anga zima katika mikanda minne, na tofauti ya mng'aro kati ya mikroni 3.4 na 4.6 hutumika kuchuja viini kwa urahisi wa kushangaza. Urahisi huo una gharama yake: mchujo hukamata viini vinavyoizidi nguvu galaksi yake, na kiini cha wastani kilicho ndani ya galaksi inayozaa nyota kwa kasi humezwa na mwanga wa jirani zake. Hatari nyingine, ambayo naiona kuwa kubwa zaidi, huja pale mtafiti anapopima kiini na nyota kwa pamoja kutoka katika mkondo uleule wa infraredi. Kosa likipunguza upande mmoja huongeza upande wa pili, na uhusiano wa bandia huzaliwa mezani. Programu za kutenganisha michango hiyo, kama CIGALE, husaidia sana ikiwa zimepewa data za eksirei na za infraredi ya mbali kwa pamoja. Zikipewa vipimo vitatu au vinne tu, hutoa namba nzuri zisizo na msingi.

Mistari ya mwanga unaoonekana ina sifa ambayo wengi huisahau. Mstari wa oksijeni wenye nanomita 500.7 hutoka katika gesi iliyosambaa mamia hadi maelfu ya miaka ya nuru kutoka kwenye shimo, kwa hiyo hubeba wastani wa miaka mingi kuliko eksirei za leo, na tatizo la kuwaka na kuzimika hupungua kidogo. Mchoro uliopendekezwa mwaka 1981 na Baldwin, Phillips na Terlevich, unaolinganisha uwiano wa mistari ya oksijeni, nitrojeni na haidrojeni, hutenganisha gesi iliyowashwa na nyota changa na ile iliyowashwa na kiini. Kwa mchoro huo, Guinevere Kauffmann na wenzake walichambua mwaka 2003 viini zaidi ya 22,000 vya SDSS, mradi wa kuorodhesha anga, na kuonyesha kwamba viini vikali vya jirani hukaa katika galaksi zenye nyota changa. Kwa galaksi za karibu, hasa ukitaka idadi kubwa bila kuhangaika na darubini za angani, njia hii ni nzuri. Ubaya wake ni kwamba kiini dhaifu katika galaksi yenye uzazi mwingi huangukia upande wa nyota na kutupwa nje, kwa hiyo upungufu unategemea jambo lile lile unalolichunguza.

Redio naiweka kando kwa makusudi, maana galaksi zinazozaa nyota nazo hutoa mawimbi ya redio sawia na uzazi wake, na ndege za chembe, yaani mikondo ya kasi inayofyatuka, zinazotoka kwenye viini hazisemi mengi kuhusu kasi ya ulaji. Redio ina nafasi yake katika swali la nani anazima nani: katika kundi la galaksi la Perseus, ndege za NGC 1275 zimechimba mapango katika gesi ya moto inayozizunguka, na kuzuia kwa sehemu kubwa gesi hiyo isipoe na kugeuka nyota.

Kupima kuzaliwa kwa nyota

Katika galaksi tulivu, mstari mwekundu wa haidrojeni wenye nanomita 656.3 hueleza nyota zilizozaliwa katika miaka milioni 10 hivi iliyopita, na mwanga wa urujuanimno hueleza kipindi kirefu zaidi, hadi miaka milioni 100. Katika galaksi yenye kiini kinachowaka, vyote viwili huchafuliwa, kwa sababu kiini huwasha haidrojeni hiyo hiyo na kutoa urujuanimno mwingi. Hii ndiyo sababu infraredi ya mbali imekuwa chaguo la wengi: vumbi linalopashwa na nyota changa lina ubaridi mkubwa kuliko vumbi lililo karibu na kiini, hivyo mionzi yao huachana kadiri mawimbi yanavyorefuka.

Herschel, yenye kioo cha mita 3.5, ilifanya kazi hiyo kati ya mwaka 2009 na 2013, na hifadhi yake bado haijapata mbadala wa moja kwa moja. Hata hivyo galaksi nyingi za mbali haizioni mojamoja, na watafiti hulazimika kurundika picha nyingi ili kupata wastani. Wastani nao hudanganya: galaksi chache zinazozaa nyota kwa fujo zinaweza kuubeba. Kundi la Mullaney lilipoongeza vipimo vya ALMA, mtandao wa antena ulioko Chile, mwaka 2015, lilikuta kwamba galaksi nyingi zenye viini vinavyowaka zilikuwa chini ya kasi ya kawaida ya uzazi, huku wastani ukionekana wa kawaida kwa sababu ya hizo chache. Mwenye nafasi ya kupata data za ALMA azitumie, na mwenye Herschel peke yake asitaje wastani bila kuonyesha mtawanyiko wake.

Kina au upana

Mgogoro wa mwaka 2012 unafaa kusomwa na kila anayechagua eneo la anga. Mathew Page na wenzake walitumia uga wa kaskazini wa Chandra, yaani kipande cha anga ambacho darubini hiyo ilikikodolea macho kwa muda mrefu, pamoja na Herschel, wakahitimisha kwamba viini vikali kuliko ergi 10^44 kwa sekunde vimezima kuzaliwa kwa nyota. Mwaka huo huo Chris Harrison na wenzake walirudia hesabu wakiongeza uga wa COSMOS, ambao ni mpana mara nyingi zaidi, na kuzimika kule hakukuonekana. Viini vikali ni adimu. Katika uga mwembamba hupatikana vichache mno, na bahati ya vichache haipaswi kuitwa sheria.

Uga wa kusini wa Chandra umetazamwa kwa sekunde milioni 7, na katika eneo dogo kuliko uso wa Mwezi mpevu umetoa vyanzo zaidi ya 1,000. Huko ndiko pa kwenda kwa viini hafifu na vya wastani. COSMOS, yenye nyuzi mbili za mraba na vyanzo vya eksirei takriban 4,000, ndiyo ningemshauri anayeanza, maana karibu kila darubini kubwa imeipitia na orodha za matungamo na umbali ziko tayari. Kwa viini adimu kabisa kuna eROSITA, darubini ya eksirei, ambayo data zake za kwanza za nusu ya anga, zenye vyanzo karibu 900,000, zilitolewa Januari 2024, ingawa infraredi ya mbali ya kuambatana nazo ni haba.

Kuacha mng'aro na kushika tungamo

Njia hizi zote hupima shimo linavyokula sasa. Anayetaka hasa kujua kama shimo jeusi ndilo lililozima uzazi wa galaksi ana chaguo jingine, ambalo binafsi naliona limepuuzwa isivyostahili: kupima tungamo la shimo. Tungamo ni jumla ya milo yote ya zamani, halizimiki usiku mmoja, na nishati iliyomwagwa ndani ya galaksi hufuatana nalo. Bryan Terrazas na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba, kati ya galaksi za karibu zenye tungamo sawa la nyota, zile zilizotulia zina mashimo mazito kuliko zile zinazoendelea kuzaa, na Ignacio Martín-Navarro na wenzake walikuta mwaka 2018 kwamba mashimo mazito zaidi huambatana na uzazi uliokoma mapema zaidi. Ushahidi wa aina hii unaelekea kwenye uzimaji kuliko mchoro wowote wa mng'aro, nao unapatana na programu za kuigiza ulimwengu kama IllustrisTNG, ambazo zisipowekewa nishati ya mashimo meusi huzaa galaksi kubwa zenye nyota nyingi mno.

Kikwazo ni idadi. Tungamo linalopimwa kwa mwendo wa nyota au gesi iliyo karibu na shimo hupatikana kwa galaksi chache za jirani, na kwa za mbali hutegemewa mistari mipana ya haidrojeni, ambayo makosa yake hufika mara mbili au tatu. Katika zama za mwanzo kabisa, ambako darubini ya James Webb imeonyesha mashimo yanayoonekana kuwa mazito mno yakilinganishwa na galaksi zinazoyabeba, tatizo la uteuzi ni kubwa zaidi, kwa kuwa mashimo mazito ndiyo yanayoonekana kwa urahisi na yale mepesi hubaki gizani. Huko, kabla ya kulinganisha shimo na nyota zake, kazi ya kwanza ni kukadiria ni mashimo mangapi ambayo darubini isingeweza kuyaona hata kama yangekuwepo.